Naomba ushauri: njia za kutembea Red Rock Canyon, Nevada, nikiwa na mama na mdogo wangu

Neema_Njiani

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa waliowahi kutembea kwa miguu Red Rock Canyon, lile korongo la miamba myekundu lililo magharibi ya Las Vegas. Tutakuwa mjini tarehe 29 Septemba hadi 3 Oktoba na tumetenga siku moja nzima kwa ajili ya korongo. Tuko watatu: mimi, mama (miaka 64, tambarare anatembea kutuzidi, ila goti linamsumbua akishuka mteremko) na mdogo wangu wa kiume wa miaka 17, ambaye tangu aone picha za kilele cha Turtlehead hazungumzi kitu kingine. Gari tutakodi.

Tuchague njia ipi ambayo mama ataifurahia, siyo kuivumilia tu? Je, dogo anaweza kwenda Turtlehead peke yake sisi tukiwa kwingine? Na tufike saa ngapi? Sitaki mama ashinde kwenye gari akitusubiri. Safari hii ni yake kuliko yetu.

Jabali_77

Karibu, dada. Kabla ya njia, tazama hizo tarehe zako, maana zimekaa katikati ya mabadiliko. Kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei, gari linaloingia Scenic Drive, barabara inayozunguka ndani ya korongo, kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni lazima liwe limeshachukuliwa nafasi kwenye tovuti ya Recreation.gov. Nafasi ni dola 2, mbali na kiingilio cha gari. Pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa inakuondolea kiingilio, lakini nafasi bado utadaiwa. Mkienda tarehe 29 au 30 Septemba hilo haliwahusu kabisa. Na hata ikiwa Oktoba, ukipita geti kabla ya saa 2 asubuhi nafasi haihitajiki.

Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi. Muwe hapo saa hiyo hiyo. Mwisho wa Septemba joto la mchana bado linaweza kupita nyuzi 35, na ile miamba ikishapigwa jua inakurudishia joto usoni. Usije saa 4 ukategemea upepo.

Mzee_wa_Kilele

Binti, Jabali amesema kweli kuhusu saa. Naongeza jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii: Scenic Drive ni barabara ya upande mmoja, inazunguka kilomita 21 hivi. Ukipita kituo huwezi kugeuza gari, mpaka umalize mzunguko mzima na kuingia upya getini. Kwa hiyo panga siku yako kwa kufuata barabara yenyewe, na bahati nzuri barabara inakwenda sawa na kivuli.

Kwanza utakutana na Calico Hills, ile miamba myekundu ya kwenye picha. Hiyo ni ya alfajiri, maana iko wazi na kivuli ni kidogo. Mbele zaidi barabara inapita chini ya ukuta mrefu wa milima ulio upande wa magharibi. Huko ndiko kuna Willow Springs, Lost Creek, Ice Box Canyon na Pine Creek. Mchana jua linapoinama nyuma ya ukuta ule, makorongo yake yanapata kivuli mapema. Asubuhi wekundu, mchana kivuli. Watu wanaofanya matembezi yao yote kwenye Calico saa 6 mchana halafu wanalalamika kwamba jangwa ni kali, mimi huwa nawahurumia.

Zawadi_K

Mimi nitasemea goti, kwa sababu natembea na mzazi mwenye shida hiyo hiyo. Wengi watakuambia muende Calico Tanks, na ni njia nzuri kweli. Ni kama kilomita 4 kwenda na kurudi, inaanzia maegesho ya Sandstone Quarry, na mwisho wake unaliona jiji la Las Vegas lote likiwa chini kwenye bonde. Lakini ina ngazi za mawe na mabamba ya kupanda kwa mikono, na kila ulichopanda utakishuka. Kushuka ndiko kunakoumiza goti. Asiambiwe "ni fupi tu, mama".

Asikose Sandstone Quarry hata hivyo. Mwanzo wa njia ni mwepesi, na muda si mrefu mnafika kwenye matofali makubwa ya mawe yaliyokatwa na wachimbaji mwanzoni mwa karne ya 20 yakaachwa pale pale. Hapo atakaa kivulini asubuhi, amezungukwa na wekundu pande zote. Mkubaliane mapema: mama anasema basi, na neno lake ndilo la mwisho.

Halafu Lost Creek, kilomita 1.2 hivi, njia ya familia yenye miti na alama za wenyeji wa zamani. Jirani yake, Willow Springs, kuna ukuta wenye michoro iliyochongwa kwenye mwamba, hatua chache tu kutoka barabarani. Hii ni ardhi ya Wapaiute wa Kusini tangu zamani, na michoro haiguswi kwa kidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanaiharibu. Mnunulie mama fimbo mbili za kutembelea. Zinapunguza sana mzigo wa goti wakati wa kushuka.

Tembo_Mtulivu

Turtlehead inaanzia maegesho yale yale ya Sandstone Quarry. Kijana wa miaka 17 mwenye pumzi anaweza. Mwacheni apande wakati nyinyi mko machimboni, mtakutana kwenye gari.

Mzee_wa_Kilele

Tembo, hapo sikubaliani nawe. Turtlehead ni kilomita 8 hivi kwenda na kurudi, na mwinuko wa mita 600 unaoelekea kilele cha mita 1,900 na ushee. Juu kuna kokoto zinazoteleza na njia inagawanyika ovyo. Sehemu kubwa ya korongo simu haishiki mtandao. Machimboni mtamaliza saa moja au mbili, yeye atachukua nne au tano. Hayo masaa yaliyobaki mama atakuwa wapi? Juani, akihesabu kila kijana anayeshuka kuona kama ni wake. Peke yake, hapana. Kama anataka Turtlehead, siku nyingine, na dada yake au na mtu mzima mwingine, wakiondoka geti linapofunguliwa.

Siku hii mpeni Calico Tanks. Neema aende naye kama mama ataridhika kubaki machimboni na maji na saa ya kurudi iliyokubaliwa. Ule mwisho wake, na jiji likiwa mbele yake, utamtosha.

Tembo_Mtulivu

Sawa, mzee. Kwa upande wa mama umenishinda.

Fundi_Ramani

Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kutoka hotelini. Maji ya kunywa jazeni kwenye kituo cha wageni, njiani hakuna. Hesabu nusu lita hadi lita moja kwa kila mtu kwa saa, na vitu vya chumvi vya kutafuna, kwa sababu maji matupu peke yake kwenye jasho jingi yanaweza kukudhuru.

Septemba bado ni msimu wa ngurumo. Mvua ikinyesha milimani, maji yanaweza kushuka kwenye korongo la Ice Box wakati nyinyi mlipo ni pakavu. Mkiona mawingu yamejikusanya juu ya ukuta, tokeni. Na mawe haya ya mchanga yakilowa yanapoteza nguvu, yanamegeka mkononi, kwa hiyo baada ya mvua msipande mabamba.

Mwonyeshe mama kitu kimoja mkiwa barabarani. Ataona mawe ya kijivu yamekaa juu ya mekundu. Ya kijivu ni chokaa ya bahari ya kale, nayo ni mazee kuliko yaliyo chini yake. Wekundu ulikuwa vilima vya mchanga wa jangwa, kama miaka milioni 180 iliyopita, na chuma ndani yake ndicho kilichoupa rangi. Kisha ardhi ikasukumwa na ya kale ikapanda juu ya changa. Kwa macho ya kawaida unauona mstari wenyewe.

Neema_Njiani

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Tumeamua tarehe 30, getini saa 12. Calico asubuhi, dogo na mimi tunaenda Tanks, mama machimboni na fimbo zake, kisha Willow Springs na Lost Creek. Dogo amekubali kwa shingo upande. Mama anauliza kama atawaona wale punda mwitu wa huko na kama anaweza kuwapelekea karoti.

Zawadi_K

Marahaba kwa niaba ya mzee. Punda anaweza kuwaona, hasa pembezoni mwa barabara kuu. Karoti hapana: wanalindwa na sheria tangu 1971 na kuwalisha ni kosa. Wakizoea chakula cha watu wanasogelea magari, na wengine wanagongwa. Asimame mbali, atumie kamera. Na akikutana na kobe wa jangwani asimwinue, kwa sababu kobe akiogopa humwaga maji aliyojiwekea mwilini na anaweza kufa kwa kiu.