Likizo ya Pasaka Hispania mvua ikinyesha: twende au tuahirishe?

Binti Tanga ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tunaishi Hamburg, na tumekwisha kulipia nyumba ya kupanga huko Sevilla kwa Juma Kuu, kisha siku chache Valencia. Utabiri unaonyesha mvua karibu kila siku. Mvua peke yake isingeninyima usingizi, maana Hamburg tumeizoea. Kinachonisumbua ni binti yangu, ambaye aliziona picha za mafuriko ya Valencia ya Oktoba 2024, akasikia jinsi umeme ulivyokatika nchi nzima Aprili 2025, na sasa kila jioni anauliza kama tutarudi salama. Shuleni nako wenzake wanazungumzia vita, na akiba ya dharura ya saa 72 ambayo Umoja wa Ulaya umezishauri kaya ziwe nayo. Mume wangu anataka tuahirishe. Mimi naona tukianza kuahirisha mambo kwa ajili ya taarifa ya habari, hatutatoka tena nyumbani. Mnaoishi huko, hali ikoje, na watu hufanya nini Sevilla siku ya mvua?

Mkaazi wa Triana amejibu:

Karibu sana, dada. Mvua ya Juma Kuu, juma ambalo vyama vya waumini huandamana mitaani wakibeba sanamu za Yesu na Bikira Maria, si ngeni hapa Sevilla. Mwaka 2024 dhoruba iliyopewa jina la Nelson iliharibu karibu juma zima, hata usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, ambao ndio kilele cha yote, hakuna chama cha waumini kilichotoka na sanamu zake. Sababu inaeleweka: baadhi ya sanamu hizo ni za mbao zilizochongwa karne ya 17, na mahameli yenye tarizi za dhahabu hayavumilii maji. Viongozi hukaa kanisani wakifuatilia utabiri, wanaomba kuongezewa nusu saa, kisha nusu saa nyingine, mpaka mmoja wao anasimama na kutangaza kuwa hawatoki. Hapo utamwona mwanamume mzima, kofia yake ndefu ikiwa kwapani, akilia mbele za watu bila kuona haya.

Lakini baada ya tangazo hilo, mara nyingi milango ya kanisa hufunguliwa na watu wakapanga foleni na miavuli yao ili wazione sanamu mahali zilipo. Kwa mtoto, mimi ningechagua siku ya namna hiyo: badala ya kuchungulia katikati ya mabega ya watu wazima, atasimama karibu kabisa na kuyaona machozi ya kioo kwenye mashavu ya Bikira Maria. Baadaye mpeleke akale torrijas, vipande vya mkate vilivyolowekwa kwenye maziwa, vikachovywa kwenye yai na kukaangwa, kisha vikamwagiwa asali. Tiketi za jumba la Alcázar zinunueni mapema, kwa sababu mvua ikishika kila mgeni hukimbilia penye paa. Na jambo ambalo hakuna tangazo la utalii litakalokuambia: nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa kupambana na joto, kwa hiyo siku za mvua ndani huwa na baridi kuliko kwenu Hamburg. Muulize mwenye nyumba kama kuna kipasha joto.

Abu Nasra, Valencia, amejibu:

Binti yako anastahili maelezo, si kubembelezwa tu. Mvua nyingi za machipuko zinatoka bahari ya Atlantiki. Zinanyesha siku nyingi mfululizo, na mara nyingi zinapofika huku kwetu Valencia, pwani ya mashariki, zimekwisha kuchoka. Ile ya tarehe 29 Oktoba 2024 ilikuwa ya vuli, wakati Mediterania bado ina joto la kiangazi na hewa baridi ya juu inakwama juu yake. Mji wa Turís ulipata zaidi ya milimita 700 kwa siku moja, na maji yakateremka kwa bonde la Poyo hadi miji kama Paiporta, ambako mvua yenyewe ilikuwa kidogo. Zaidi ya watu 220 walikufa nchini, wengi wao wakiwa ghorofa za chini au kwenye maegesho ya chini ya ardhi walikokwenda kuokoa magari. Tahadhari ya simu ilitumwa saa 2:11 usiku, maji yakiwa tayari sebuleni mwa watu, na hasira juu ya jambo hilo haijaisha.

Katikati ya jiji la Valencia kulisalimika, kwa kuwa baada ya mafuriko ya 1957 mto Turia ulihamishiwa kusini, na mkondo wake wa zamani leo ni bustani ndefu. Mtembezeni humo, umweleze. Kila asubuhi angalieni ramani ya tahadhari ya AEMET, idara ya hali ya hewa ya Hispania: ikiwa manjano, endeleeni kwa uangalifu; ikiwa chungwa, kaeni karibu na nyumbani; ikiwa nyekundu, msitoke, wala msishuke chini kufuata gari.

Kuhusu umeme, ulikatika saa 6:33 mchana, na kufikia asubuhi iliyofuata ulikuwa umerudi karibu kote. Mtaani kwetu watu walizunguka gari moja lililofunguliwa milango ili wasikie redio, na watoto walicheza barabarani mpaka giza. Si wote waliofurahia: wapo waliokwama kwenye lifti na treni, na jirani yangu wa ghorofa ya sita hakuweza kushuka. Bebeni fedha taslimu na tochi, inatosha.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Naongezea moja. Msimwahidi mtoto kwamba hakuna kitakachotokea, kwa sababu ameshaona picha na atajua mnamdanganya. Mpeni yeye kazi ya kusoma hiyo ramani na kutangaza rangi ya siku wakati wa chai. Na babake msimpuuze. Someni masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kubishana zaidi.

Binti Tanga amejibu:

Asanteni sana. Masharti tumesoma: Valencia inaweza kufutwa hadi siku mbili kabla, Sevilla haiwezi, na baba amekubali twende kwa msingi huo. Swali la mwisho: sanamu ya Macarena, yule Bikira Maria maarufu wa Sevilla, ikishindwa kutoka, tutaweza kuiona siku nyingine?

Mkaazi wa Triana amejibu:

Mtaiona, dada. Basilika yake hufunguliwa mwaka mzima. Nendeni asubuhi mapema.