Gemu iliyokuangusha mwishoni: tupeane uzoefu

Mtoto wa Mlandege: Assalaam alaykum. Gemu mbovu sizitaki, zina uzi wake. Nataka ile uliyoipenda, ukakesha nayo, ukafika mwisho ukabaki unaikodolea macho tivii.

Naanza. Mass Effect, zote 3. Wewe ndiye unayeamua nani aokolewe na nani aachwe, na uamuzi wa gemu ya kwanza unakufuata mpaka ya tatu. Kuna watu nimewalinda mule kama ndugu zangu. Ya 3 ikatoka Machi 2012. Nafika mwisho, kitoto cha mwanga kinaniambia chagua: nyekundu, buluu au kijani. Nikachagua, ukaja mlipuko. Nikarudia kwa rangi nyengine, mlipuko ule ule! Sharubati ya unga, rangi tatu sukari moja. Na wale watu wangu? Hata kuagana hatukuagana vizuri. Kuna wachezaji waliwapelekea BioWare, watengenezaji wake, vikeki vya rangi 3, vyote ladha moja. Juni ikatoka nyongeza ya bure ya kurefusha ule mwisho, mie nishapoa.

Pedi Mbovu: Yakhe, yako afadhali. GTA San Andreas tuliicheza Wete, watoto watatu kwa zamu, shilingi mia mbili mia mbili, memori kadi inalala kwetu ndani ya kopo la maziwa. Tenpenny, yule polisi muovu, katutesa gemu nzima. Tukamfukuza, gari lake la zimamoto likaporomoka darajani, akatambaa nje. CJ, ndiye tunayemchezesha, kanyanyua bunduki, chumba kizima "mmalize!" Kaka yake Sweet akamzuia. Mtu akajifia mwenyewe, nami pedi nimeikamata bure.

Chai Maziwa: Ndipo penye utamu hapo! Umeshaua mamia, huyu mmoja tu ukaambiwa subiri.

Pedi Mbovu: Dada, mia mbili zangu hizo.

Kandili: God of War II, PS2, mwaka 2009. Kratos, ndiye unayemchezesha, yuko na Majitu wanaupanda mlima Olympus kumfuata mungu Zeus, moyo unanidunda... majina ya watengenezaji yakaanza kupita, gemu imekwisha. Disemba umeme ukakatika Unguja nzima, miezi mitatu. Nikajifariji, ukirudi na gemu itakuwa tayari. Kweli, umeme ulirudi Machi 2010 na God of War III ikatoka Machi hiyo hiyo. Ya PS3, mashine nisiyokuwa nayo.

Mtoto wa Mlandege: 😂😂 Ila wewe hukuangushwa, ulikatizwa. Uliimaliza wapi?

Kandili: Kwa jirani. Niliangalia tu, pedi hakunipa.