Tupeane uzoefu: somo gani lilikuingia siku ulipoligusa kwa mikono?

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilimsikia mwanangu wa kidato cha tatu akikariri hatua za taitresheni, lile jaribio la kupima asidi inayohitajika kumaliza besi, kama shairi. Nikamuuliza bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo na koki chini, inafananaje. Hajui. Nimeumia, maana na mimi nilipita hukohuko.

Tulinakili notisi za kemia miaka mitatu. Maabara tuliingia kidato cha nne, mtihani wa taifa umeshafika mlangoni. Fomula zote ninazo kichwani. Nikafungua koki ya bureti, asidi ikashuka mfululizo kwenye chupa ya besi iliyotiwa rangi ya kuonyesha mabadiliko, njano ikageuka pinki kabla sijapepesa macho. Nimepitiliza. Mwalimu akanishika kiwiko: "Ukikaribia, tone moja moja, huku unatikisa." Mara ya tatu nikaliona. Tone likaanguka, likaacha kiwingu chekundu, nikatikisa, kikapotea. Lililofuata halikupotea, chupa nzima ikawa rangi ya chungwa. Hapo ndipo nilipoelewa asidi kumaliza besi ni kitu gani. Kwangu mimi, praktiko ingetangulia mada, isingojee mtihani. Wenzangu ilikuwaje?

Fundi umeme, Tandika
Mkuu umenikumbusha mbali. Swichi mbili kuwasha taa moja ya ngazini, nilichorewa ubaoni wiki nzima nisiambulie kitu. Fundi aliyenichukua akanipa kipande cha mbao, swichi mbili, holda na waya. Nilikosea, taa ikawa inawaka kwa swichi moja na nyingine inagoma. Nikaufuata waya kwa kidole mpaka nikakuta nilipochanganya. Ila kabla ya kuunganisha na umeme alinikalisha chini akanieleza hatari zake, nikasikiliza kweli. Umeme hausomwi kwa kujaribu tu.

Mdau wa Kimara
Natofautiana nanyi kidogo. Mwalimu wetu wa historia alitusimulia Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Kinjeketile na maji yake, darasa kimya, kengele ikagonga hakuna aliyeinuka. Hatukugusa chochote na sijasahau.

Mwalimu, Temeke
Naona pande zote mbili. Darasa langu lina watoto zaidi ya 70, bureti ni za kuhesabu, na silabasi lazima iishe. Kuna siku naongea tu mpaka sauti inakauka. Lakini kwa asidi na besi nimepata njia: nachemsha choya, lile ua jekundu la juisi, la kununua sokoni, nagawa kwenye vifuniko vya chupa za maji. Ukitia limau linakolea wekundu, ukitia maji ya majivu linageuka kijani. Kelele zake mpaka darasa la jirani! Binti mmoja, kimya mwaka mzima, akauliza kidonge cha kiungulia anachotafuna bibi yake kitaleta rangi gani. Kesho yake alikuja nacho kwenye kikaratasi, ameshakisaga.