Kwa nini nauli za ndege hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni, na kati ya njia na njia?

Swali

Ndugu zangu, nimekuwa nikilinganisha nauli za ndege na nimeshindwa kuona kanuni inayoziongoza. Safari ya saa moja huweza kuuzwa ghali kuliko ya saa nne, na kampuni mbili zinazoruka siku moja kati ya miji ileile hutoza nauli zilizoachana mno. Linalonitatiza zaidi ni kwamba tiketi ya kubadili ndege njiani, ambayo kwa kawaida hugharimu mafuta mengi zaidi, mara nyingi ndiyo nafuu. Kama si gharama ya kumsafirisha abiria inayopanga bei, ni nini basi?

Jibu la kwanza

Ndugu, gharama huweka tu kiwango ambacho kampuni haiwezi kukaa chini yake kwa muda mrefu bila kufilisika. Juu ya hapo, bei hupangwa na mambo mawili: nani mwingine anaruka njia hiyo, na abiria wake wana haraka kiasi gani.

Hadi mwaka 1978, nauli za safari kati ya majimbo ya Marekani zilidhibitiwa na bodi ya serikali, hivyo kampuni zilishindana kwa huduma badala ya bei. Udhibiti ulipoondolewa ziliingia kampuni changa, ikiwamo People Express, iliyoanza kuruka mwaka 1981 kwa nauli za chini mno. American Airlines, yenye gharama kubwa zaidi, isingeweza kuuza kila kiti kwa bei hiyo. Mwaka 1985 ikatoa nauli za chini kwa sehemu tu ya viti, kwa sharti la kununua mapema, na viti vilivyobaki ikawawekea wasafiri wa kikazi ambao hununua siku za mwisho na hawana budi kusafiri, huku kompyuta zikikadiria ni viti vingapi viachiwe kila kundi. Utaratibu huo umeenea duniani kote, na ndio unaofanya abiria wawili walioketi bega kwa bega wawe wamelipa nauli tofauti kabisa. Kiti kikiruka kitupu hakiwezi kuuzwa tena kesho, kwa hiyo kampuni hukisia kila siku kama imuuzie anayetaka sasa au imngojee atakayelipa zaidi.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu ushindani, ila naona amezipita gharama haraka mno. Ada ya kutua, kuhudumia ndege ardhini na kupakia mizigo hulipwa kwa kila safari, iwe fupi au ndefu, na ndege huchoma mafuta mengi zaidi inapopaa. Ndiyo maana safari fupi huwa ghali kwa kila kilomita.

Kampuni nazo hazifanani. Southwest ya Marekani hutumia ndege za aina moja tu, Boeing 737, hivyo rubani yeyote aweza kurusha ndege yoyote, na vipuri na mafunzo ni vya aina moja. Kampuni nyingi hutoza mzigo na uchaguzi wa kiti kando, na hapo nauli mbili hazilinganishwi mpaka vyote vijumlishwe. Kodi pia huingia: Uingereza hutoza abiria wengi wanaoondoka kwa ndege tangu mwaka 1994, na anayekwenda mbali hulipa zaidi.

Jibu la tatu

Tusisahau vibali. Kampuni haianzishi safari ya kimataifa kwa hiari yake tu, kwani kwa kawaida nchi husika hukubaliana kwanza. Mataifa ya Afrika yaliafikiana mjini Yamoussoukro, Ivory Coast, mwaka 1999 kufungua anga zao, lakini utekelezaji umekwenda polepole, na njia nyingi za bara hili zimebaki na kampuni moja au mbili.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Bado sijaelewa hilo la kubadili ndege.

Jibu la kwanza

Safari ya moja kwa moja huenda ina kampuni moja tu, na mwenye haraka hana pengine pa kwenda. Safari ya kubadili ndege yaweza kuuzwa na kampuni nyingi, kila moja ikipitisha abiria katika kituo chake kikuu, na kwa kuwa zote zinamgombea mtu yuleyule asiyejali saa chache za kungoja, bei hushuka. Wakati mwingine tiketi ya kuishia kwenye kituo hicho huwa ghali kuliko ya kukipita. Hata hivyo, usinunue ile ndefu kwa nia ya kushukia katikati: kampuni nyingi zinalikataza jambo hilo, mzigo uliosajiliwa huendelea hadi mwisho wa tiketi, na ukiacha kipande kimoja, vinavyofuata, pamoja na safari ya kurudi, hufutwa.