Kava za nepi za sufu: nichague zipi na nizitunzeje?

MamaTeo_Mkbk
Habari zenu wadau, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Nina mtoto wa miezi minne, tuko Makambako na nyie mnaijua baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba haina masihara. Mchana namfunga nepi za kitambaa zile za kukunja, usiku nilikuwa namvalisha pempasi ila zinamtoa vipele na bei nayo kila nikienda dukani imepanda. Zile chupi za nailoni nazo asubuhi unakuta ngozi imelowa jasho na nyekundu. Sasa wifi yangu yuko Ujerumani katuma kava mbili za sufu, za kufuma, hazina plastiki hata kidogo, anasema huko kina mama wanazitumia na hazifuliwi kila siku. Nilibisha lakini kweli zikashika, asubuhi nepi ndani imelowa chapachapa kava kwa nje kavu kabisa.

Shida imekuja kwenye kufua. Dada wa kazi kaloweka moja kwenye maji ya moto na sabuni ya unga akaifikicha, imesinyaa imekuwa ngumu. Nyingine kaifua na sabuni ya mche kwa maji ya kawaida, hii haijasinyaa ila sasa inavujisha. Halafu jambo jingine, hata zilipokuwa mpya nikimbeba mgongoni kwa kitenge nguo yangu inalowa, akiwa kitandani halowi. Je inarudi kushika ile? Na nikitaka kuongeza, masweta ya mtumba yanafaa kushonea? Wifi siwezi kumsumbua kila mara.

Shangazi_Leipzig
Hongera na mtoto mamii. Huku nimelea wawili kwa kava hizohizo, mkunga ndo alinionyesha, na mimi mwanzo nilidhani ananitania, mtoto avalishwe sweta makalioni.

Hiyo inayovujisha haijaharibika, imeisha mafuta tu. Manyoya ya kondoo kiasili yana nta yake inaitwa lanolini, ndo inayofanya kondoo anyeshewe asilowe mpaka kwenye ngozi. Sufu yenyewe inanyonya unyevu karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujausikia kwa mkono, na ile nta inazuia matone ya maji yasipenye. Sabuni ya mche ni kali, inaondoa nta yote. Dondoshea tone la maji juu ya kava, likikaa kama shanga nta ipo, likinywewa papo hapo basi rudisha mafuta.

Kurudisha ni hivi. Chukua lanolini kijiko kimoja cha chai kwa hiyo kava moja, weka kwenye kikombe, mimina maji yanayochemka na shampuu ya mtoto kidogo, koroga mpaka iwe nyeupe kama maziwa. Ukiona bado kuna vijimafuta vya njano vinaelea juu, shampuu haijatosha, ongeza, maana ukimimina hivyohivyo vitaganda kwenye kava utabaki na madoa yananata. Jaza beseni maji ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto, mimina mchanganyiko wako humo, ndo uweke kava ukiwa umeigeuza ndani nje. Iache usiku kucha. Usiisuuze. Usiisokote kama dekio, ilaze kwenye taulo, viringisha, kandamiza kwa magoti maji yatoke, kisha itandaze chini kivulini. Ukiitundika kwenye kamba ikiwa nzito na maji inavutika kiuno kinakuwa cha mtu mzima. Kwa kuwa yako nta imetoka yote, rudia zoezi mara mbili tatu kabla hujaiamini usiku.

Kufua sasa. Ikilowa mkojo usifue, ianike tu sehemu yenye upepo, ikikauka inusie. Kama hainuki inavaliwa tena. Ndo maana unahitaji angalau mbili za usiku zipokezane, moja inavaliwa moja inapumzika. Ikianza kunuka hata ikiwa kavu, au kila wiki mbili tatu hivi, ifue kwa shampuu ya mtoto au sabuni ya maji ya sufu, maji ya uvuguvugu, unaibonyezabonyeza bila kufikicha. Akichafua kwa haja kubwa safisha palepale kwa maji ya baridi, usingoje ikauke. Na jiki isikaribie kabisa, inaila sufu mpaka inayeyuka.

Kibopa_wa_Tanga
Hivi nyie, huku kwetu joto hili nimvalishe mtoto wangu sufu?? Si atachemka. Huku ni nepi na kanga kuukuu chini yake basi, mchana anapigwa upepo mkekani.

Shangazi_Leipzig
@Kibopa_wa_Tanga na endelea hivyohivyo ndugu yangu, hakuna dawa ya vipele inayoshinda kukaa wazi. Sufu inapitisha hewa kuliko nailoni, ile nyembamba ya merino, sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, hata kiangazi inavalika, ila kwa Tanga na mimi nisingehangaika nayo. Mama Teo yuko kwenye baridi, hesabu yake nyingine.

FundiCherehani_Mbeya
Kwenye masweta nipokee mimi maana hizo kava nawashonea wateja hapa. Mtumba unafaa sana tena unapata sufu nzuri kwa bei ya kutupa, tatizo nusu ya yale masweta si sufu, ni akriliki, yaani nyuzi za plastiki, na muuzaji atakuapia mpaka basi. Angalia lebo shingoni au ubavuni, utafute iliyoandikwa sufu asilimia 100, merino au lambswool (sufu ya mwanakondoo), ikipungua isiwe chini ya 80. Lebo ikiwa imekatwa vuta kauzi kamoja kwenye mshono wa ndani ukachome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazima wenyewe, na kinachobaki ni majivu unayapukuta kwa vidole. Akriliki inayeyuka inadondoka, ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Hapo mwachie mwenyewe sweta lake.

Ukishapata, pitisha sweta shavuni au ndani ya kiwiko chako, likikuwasha wewe litamuwasha na mtoto. Merino na lambswool ni laini, yale mazito ya wavuvi yanawasha ila unaweza kuyafanya tabaka la nje.

Sasa lile alilofanya dada yako kwa bahati mbaya sisi tunafanya makusudi. Sweta linaoshwa kwa maji ya moto na kufikichwa mpaka lisinyae, nyuzi zinashikana, ndo linakuwa zito halipitishi maji kirahisi na ukilikata halifumuki. Ila yameandikwa "superwash" yaache, hayo yametiwa dawa hayasinyai hata uyachemshe. Likishakauka nakata kiwiliwili kwa kufuata ule mpira wa chini wa sweta, huo ndo unakuwa kiuno cha kava, sihitaji lastiki. Mipira ya mikono naigeuza kuwa ya mapajani. Ukitaka suruali nzima ya usiku chukua mikono miwili, pasua kila mmoja kwa juu kuelekea kwapani, unganisha katikati, weka kipande cha msamba, tayari mtoto ana miguu. Shona zigizaga, mshono wa moja kwa moja unakatika likivutika. Kwenye msamba weka matabaka mawili, hapo usibane matumizi. Ikitoka kwenye cherehani bado haishiki, mpaka iingie kwenye beseni la lanolini alivyosema Shangazi.

Na hiyo iliyosinyaa usiitupe, ikate kipande cha msamba ukishonee kwenye ile nzima kwa ndani. Au itunzie mdogo wake Teo 😂

Nyambura_wa_Limuru
Hiyo ya kubeba mgongoni hamjamjibu na ndio ilikuwa inanisumbua sana mimi. Sufu inashika maji vizuri mradi haijabanwa. Ukifunga mtoto mgongoni, makalio yanakandamizwa na leso na mgongo wako, mkojo unasukumwa nje kwa kava, ni vilevile kwa kiti cha gari. Pia usivalishe suruali ya kubana juu ya kava, itafyonza ule unyevu ulikaa kwa sufu na utadhani kava imevuja. Mimi kabla ya kubeba nabadilisha nepi kwanza, naongeza kitambaa kimoja kimekunjwa katikati, na safari ikiwa ndefu nashukisha mtoto nabadilisha njiani. Hakuna kava itafanya nepi imejaa isivuje ikibanwa.

Jambo la kuhifadhi pia, ukimaliza kutumia fua kabla uweke, kausha hadi ndani ya mshono, halafu funga kwa mfuko usiopitisha hewa. Mabuu ya nondo hula sufu na hupenda zaidi ile iko na jasho na mkojo.

Mzee_Kijana
Sasa mnahangaika na mitumba na majirani wana kondoo? Nyoa mmoja umsokotee mjukuu.

Nyambura_wa_Limuru
@Mzee_Kijana utanyoa nini? Kondoo wengi wa kwetu, kama yule mwekundu wa Kimaasai, ni wa nywele, hana sufu ya kusokota. Wa sufu ni kina Merino na Corriedale, hao wako sehemu za baridi kama Molo, na Nanyuki kuna kina mama husokota kwa mkono. Nyuzi zao ni nzuri kwa kufuma suruali ya nje, lakini Corriedale si laini kama Merino, weka kitambaa cha pamba kati yake na ngozi.

MamaTeo_Mkbk
Asanteni jamani, nimecheka na nimejifunza. Ila lanolini huku nitaipata wapi? Nimeuliza duka la dawa hapa stendi wananiangalia tu.

Shangazi_Leipzig
Usiulize lanolini, uliza krimu ya chuchu ya mama anayenyonyesha zilipochanika, halafu soma nyuma ya boksi, ziko ambazo ni lanolini tupu asilimia 100, Lansinoh ni mojawapo. Hiyohiyo ndo unayeyusha. Zenye viungo vingine vingi acha, na Vaseline si mbadala, inapaka juu tu na kuchafua nepi. Huku famasi wanaiuza kwenye kopo, muombe wifi aweke moja kwenye mzigo ujao, kijiko kimojakimoja hivyo kopo linakaa sana. Ukipaka mara ya kwanza mwangalie Teo siku mbili za mwanzo, wapo watu ngozi zao hazipatani nayo.

FundiCherehani_Mbeya
Na ukienda mnadani nenda asubuhi wakati wanafungua robota, masweta ya sufu ni mazito utayajua kwa mkono kabla hujaona lebo. Ya watoto usihangaike nayo ni madogo, chukua ya wanaume saizi kubwa, moja linatoa kava na suruali.