Kuchambua chenji Tanga: sarafu zipi za kuweka, na zile nyeusi zenye tundu nizifanyeje?

KopoLaChenji
Wakuu, salaam. Niko Ngamiani. Kila jioni napata chenji nyingi za makonda, na benki wananipa mfuko nikiomba. Nachambua za 50, 100, 200 na 500. Kasoro za kiwandani zinatambulikaje? Na kuna kopo la zamani la sarafu zenye tundu, nyeusi, mwaka hausomeki. Nizisugue kwa ndimu na majivu kwanza?

Sahare_Pwani
Ndimu weka kwenye samaki, mkuu. Asidi inakula uso wa shaba, na majivu yanaacha mikwaruzo inayoonekana ukiipindisha sarafu kwenye mwanga. Mnunuzi anayejua akiona wekundu ule wa shaba iliyosuguliwa anairudisha mezani, hata kama mwaka wenyewe ni adimu.

Kusoma mwaka fanya hivi. Loweka kwenye maji ya betri, yale yasiyo na asidi (soma chupa vizuri, zote mbili zinauzwa rafu moja), siku mbili tatu, ukibadilisha maji kila siku. Tope litalegea lenyewe. Kausha kwa kugandamiza kitambaa laini, usifute. Kisha zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze karibu na meza, mwanga upite ubavuni mwa sarafu. Tarakimu zilizolika zinajitokeza kwa kivuli chake.

KopoLaChenji
Nimeelewa. Na chenji za kisasa?

Hela_na_Rupia
Usitegemee makubwa. Ile ya 500 yenye nyati, ya 2014, imejaa kila duka. Weka moja inayong'aa bila mkwaruzo, zilizobaki zirudishe sokoni Mgandini.

Kinachotafutwa kwenye chenji ni kasoro. Shika sarafu juu na chini kwa vidole viwili, kichwa cha kiongozi kikiwa wima, izungushe kama unavyofungua mlango. Mnyama wa upande wa pili naye atoke wima. Akitoka amelala au kichwa chini, muhuri mmoja ulilegea kiwandani ukazunguka, weka pembeni. Kupinda kidogo tu hakuna maana. Nyingine ni chapa iliyokwenda pembeni, kikaachwa kipande kitupu cha umbo la mwezi mwandamo, kisicho na picha.

Ila usidanganyike na sarafu iliyoharibiwa baada ya kutoka kiwandani. Iliyolazwa kwenye reli na watoto inatanuka na maandishi yanavutika. Iliyopigwa tupa ina mistari ukingoni. Na sumaku isikuchanganye: 500 inanasa kwa sababu ni chuma kilichopakwa nikeli, si feki.

Sahare_Pwani
Naongezea kuhusu kopo, maana hapo ndipo penye mali. Zenye tundu nyingi zitakuwa senti 5 na 10 za East Africa, enzi za mkoloni Mwingereza. Za 1936 kuna zenye jina la Edward VIII, aliyeachia ufalme kabla ya kuvishwa taji. Watu wanaziuza kama almasi, lakini zilitengenezwa nyingi sana. Angalia pia herufi ndogo za kiwanda: H na KN ni viwanda vya Birmingham, SA ni Pretoria.

Shilingi ya East Africa yenye simba: ya 1921 hadi 1925, na za mfalme George VI za 1937 hadi 1946, zina fedha robo, takriban gramu 1.9 za fedha halisi kwa kila moja. Kuanzia 1948 hamna fedha kabisa, na uzito ni uleule wa gramu 7.8, kwa hiyo mizani haikusaidii hapo. Soma mwaka.

Hela_na_Rupia
Za Mjerumani ndizo zilizotupa neno "hela", kutokana na sarafu yao ya Heller. Pesa ya shaba ya 1890 hadi 1892 ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijria, 1307 hadi 1309. Heller yenye "D.O.A." (Afrika Mashariki ya Kijerumani), 1916 na herufi T ilipigwa kwenye karakana ya reli Tabora wakati wa vita. Chapa yake ni mbovu tangu mwanzo, usidhani imechakaa.

Rupia ya fedha ipime: gramu 11.66, na sumaku isiinase. Ikiwa na alama ya risasi ya kulehemu ukingoni, iliwahi kuning'inia kwenye mkufu, bei inashuka. Usimpe sonara, anakulipa uzito tu. Tafuta pia kwenye makopo ya misumari: zile zenye tundu watu walizitumia kama washa za bolti.

KopoLaChenji
Kuna tatu zina unga wa kijani unaobanduka.

Sahare_Pwani
Zitenge leo. Kijani kigumu chenye kung'aa kiache, hakina shida. Unga unaobanduka ni chumvi ya bahari ikishirikiana na unyevu, na unaendelea kula. Loweka kama nilivyosema lakini wiki kadhaa, kausha sana, weka kwenye kopo linalofunga pamoja na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Mifuko laini ya plastiki inayonuka kama koti la mvua usitumie, inaacha utelezi wa kijani.

Na ukisikia mtu anachimba kwenye magofu ya Tongoni akitafuta sarafu, usinunue. Kitu kilichotengenezwa nchini kabla ya 1863 kinalindwa na sheria ya mambo ya kale ya 1964, na kuchimba kunataka kibali.