Kurekodi TV za bure nyumbani: Raspberry Pi, mini PC au HDHomeRun?

Mtoto_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu hapitwi na habari ya saa mbili usiku, ila siku hizi inampita. Anafunga duka Kariakoo saa moja, foleni inamkamatia Buguruni, akifika nyumbani imebaki michezo na hali ya hewa. Nataka kikompyuta kishike antena, kirekodi chenyewe, halafu tuangalie kwa TV au simu kwa waifai ya ndani bila kula bando. Nimepiga hesabu ya njia tatu: Raspberry Pi (kikompyuta cha bodi moja) yenye tyuna, yaani kifaa cha kunasa mawimbi ya TV, mini PC ya mtumba, au HDHomeRun (tyuna inayochomekwa kwenye ruta) ya kuagiza. Nani anatumia ipi?

Kibatari
Mkuu, kompyuta iache kwanza, anza na tyuna. Hapa mawimbi ya TV za antena ni DVB-T2, toleo jipya la DVB-T. Zile tyuna za bei chee zinazofanana na flashi, nyingi zina chipu ya RTL2832U peke yake, na hiyo inaishia DVB-T. Mimi niliuziwa moja, boksi limeandikwa HD herufi kubwa mpaka pembeni. Nikatafuta chaneli nusu saa, nikapata sifuri. Sasa naisikilizia redio ya FM kwenye laptopu, angalau hela haijapotea yote.

Ukiagiza HDHomeRun nayo uwe macho. Ni ya Kimarekani, na matoleo ya soko la kwao ni ATSC, mfumo wa matangazo wa kwao, hayatashika kitu hapa. Lazima iwe ile ya DVB-T2.

Zuhura_Seva
Kibatari kasema kweli. Niongeze jambo ambalo watu wengi hawalijui: idadi ya tyuna si idadi ya chaneli. Masafa mamoja ya dijitali yanabeba chaneli kadhaa kwa mkupuo, na tyuna ikishayashika, imezishika zote. Kwa hiyo kama kwako TBC1 na ITV ziko kwenye masafa mamoja, tyuna moja itarekodi habari za kote kuwili saa mbili ileile, na mwingine chumbani anaangalia chaneli ya tatu. Zikiwa masafa mbalimbali, utahitaji tyuna mbili. Weka Tvheadend, programu ya kushika na kurekodi TV, fanya utafutaji, kisha angalia kila chaneli imeandikiwa mux ipi, yaani masafa yapi. Ndipo ununue ya pili, au usinunue.

Upande wa programu za kuangalia video kwa waifai ya nyumbani, Plex ni nzuri machoni, lakini kurekodi TV kunataka ulipie Plex Pass. Jellyfin ni bure kabisa, ilizaliwa 2018 baada ya Emby, programu ya aina hiyohiyo, kufunga msimbo wake. Ila Jellyfin haiongei na tyuna ya USB moja kwa moja. Mimi nimeweka Tvheadend ikae nyuma ishike antena na kurekodi, kisha Jellyfin inachukua orodha ya chaneli kutoka mlango wa mtandao (port) wa Tvheadend, 9981. Wanafamilia wanaiona Jellyfin tu. Tvheadend sura yake kama programu ya benki ya zamani, usimwonyeshe mzee.

Mtoto_wa_Tabata
Dada Zuhura, asante sana. Diski ya ukubwa gani? Na mechi za Ligi Kuu je, Simba na Yanga nitairekodi?

Kibatari
Ligi iko Azam, na imefungwa. Tyuna italiona jina la chaneli, picha hutaiona. Tunazungumzia chaneli za bure tu hapa, ukitaka derby kaa na king'amuzi chako.

Zuhura_Seva
Diski isikutishe. Chaneli ya kawaida ikiwa megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ni kama MB 900. Diski ya TB 1 itabeba zaidi ya saa elfu moja. Ila usirekodi kwenye kadi ya kumbukumbu ya Pi, kuandika kila siku kutaimaliza.

Fundi_Kimara
Mnasahau umeme, jamani. Nilikuwa na Pi 4. Haina betri ya saa. Umeme ukikatika, ikiwaka bila intaneti, inaendelea na saa ya zamani. Siku moja umeme ulikata saa kumi, ukarudi saa moja na nusu, ruta haina bando. Pi ikaamini bado ni saa kumi. Habari ikapita, yenyewe inasubiri. Ndani ya Tvheadend kuna sehemu ya kuiruhusu isome saa kutoka kwenye matangazo yenyewe, iwasheni. Au chukueni Pi 5 na kibetri chake, kinauzwa kando.

Na kabla ya hapo nilishajichekesha. Niliandika irekodi saa 2:00. Asubuhi nakuta marudio ya vichekesho ya saa nane usiku! Programu inataka 20:00. Nikarekebisha, ikarekodi saa tano usiku, kwa sababu mashine ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Dawa ni mstari mmoja:

timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Weka pia dakika 5 kabla na 15 baada, vipindi vyetu havina haraka.

Mwisho nilihamia mini PC ya mtumba, Intel ya kizazi cha 6. Inakula kama wati 15, yaani uniti 11 hivi kwa mwezi. Usithubutu desktopu kubwa ya wati 70 iwake usiku na mchana, hizo ni uniti 50, na kama uko kwenye bei ya wasiozidi uniti 75, ukijumlisha na matumizi mengine ya nyumba inaweza kukutoa. Faida nyingine, Intel ina kifaa cha kupunguza ukubwa wa video kwa ajili ya simu yenye waifai dhaifu. Pi 5 hicho haina, prosesa inabeba yote inapata homa.

Kibatari
HDHomeRun nimeiona kwa jamaa Sinza. Inakaa sebuleni karibu na antena, waya mmoja kwenda kwenye ruta, kompyuta iko chumbani. Jellyfin inaitambua yenyewe. Raha, ila bei na kusubiri mzigo.

Mtoto_wa_Tabata
Mrejesho, wakuu. Nimechukua mini PC na tyuna moja ya T2. Antena nimegeuzia walikogeuzia majirani, ishara ikapanda. Kwangu TBC1 na ITV ziko mux tofauti, kwa hiyo mzee kachagua moja. Jana kafika saa tatu kasorobo, kala, kawasha, kaangalia kuanzia muhtasari. Matangazo ya biashara yalipoingia nikamwonyesha kitufe cha kuruka. Baadaye nikamkuta anakibonyeza kwenye chaneli ya moja kwa moja, ananiuliza mbona rimoti imeharibika.